Hesabu zangu hazikuwa na usiku

Juni 2019 nilipoteza vifaranga 187 kwa usiku mmoja. Nilikuwa nao 300.

Mradi niliuanzia kwenye daftari, na kwenye daftari ulinoga kweli. Kifaranga shilingi 1,500, wiki ya tano nauza kuku mmoja shilingi 6,500. Nikatoa chakula, chanjo na maranda, faida ikabaki inameremeta. Mzunguko wa pili nikajiandikia vifaranga 600, wa tatu 1,000. Kabla sijanunua hata mfuko mmoja wa stata, chakula cha kuanzia cha vifaranga, nilishachagua rangi ya pikipiki.

Banda lilikuwa Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha. Anayeijua baridi ya huko mwezi wa sita hahitaji maelezo. Saa nne usiku umeme ukakatika, na bruda yangu, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, ilitegemea balbu tu. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, mwili wake bado hauwezi kujitosheleza. Akilikosa anajibana kwa mwenzake, naye kwa mwingine, wote wanaishia kwenye kona, wa chini wanakosa hewa. Asubuhi nilikuta lundo. Waliokuwa hai walisimama juu ya wenzao, wanalia.

Nilimfokea kijana niliyemwachia banda mpaka majirani wakatoka nje. Nikamfukuza bila kumlipa siku zake.

Watu hupenda kusema kufeli ni mwalimu. Sawa, ila mimi miezi miwili mizima mwalimu huyo alinifundisha kitu kimoja tu: kwamba kijana yule ni mzembe. Somo lenyewe lilianza siku nilipojilazimisha kuukaa usiku ule kama alivyoukaa yeye. Giza. Baridi. Anapiga simu yangu, haipatikani, nimeizima nilale vizuri. Anatafuta mkaa, hakuna, kwa sababu mkaa haukuwamo kwenye daftari. Ningekuwa mimi ningefanya nini?

Kumbe nilikuwa hodari wa kuwaza, ila upande wa pikipiki tu. Saa nane ya usiku sikuwahi kuiwazia hata dakika moja.

Siku hizi kabla sijatia hela mahali, iwe kuku, iwe mkopo, iwe kudhamini mtu, nachagua usiku mmoja mbaya na kuupitia saa kwa saa. Nani yupo? Ana nini mkononi? Anampigia nani? Pasipo na jibu ndipo naanzia. Bandani kwangu sasa kuna vyungu viwili vya mkaa, unaowashiwa nje mpaka moshi uishe, na juu nimeacha nafasi ya hewa kupita. Bruda nimeizungushia kadibodi iwe duara, kona hamna. Kabla ya kulala nachungulia: wakijikusanya wana baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema wamezidiwa joto.

Yule kijana nilimtafuta, nikampata stendi anapakia mizigo. Nikampa hela yake na kumwomba radhi. Akazihesabu, akaniuliza, "Dada, na lile blanketi langu lilienda wapi?"

Nililikumbuka. Asubuhi ile nililikuta limetandazwa juu ya vifaranga, nikalitupa nje huku nikimgombeza kwa kuleta uchafu bandani.