Ng'ombe za mahari harudishiwi mtu
Dada, huyo jamaa anayemdai mzee wako ng'ombe sita eti kwa vile umerudi kwenu mwambie atulie, Mahakama ya Juu yetu hapa Uganda ilishasema 2015 kwamba kudai mahari irudishwe ni kinyume cha katiba. Mahari yenyewe haikukatazwa, hapo wengi huchanganya. Soma kifungu cha 21, kinakataza kubagua mtu kwa jinsia yake, alafu cha 33 kinapiga marufuku mila zinazomvunjia mwanamke heshima, na cha 31 kinasema mke na mume wana haki sawa wakioana, wakiwa ndani ya ndoa na hata wakiachana. Mzee asiuze shamba bana, na kwani hao ng'ombe si walishaishia kwenye karo ya kaka zako?