Matokeo ya diff yasomeke kwa Kiswahili

Katibu wa chama cha wakulima wa zabibu kule Mpunguzi au Hombolo hana haja ya kujifunza maana ya "14c14", alama ambayo amri ya diff huandika inapolinganisha mafaili mawili na kukuta mstari wa 14 umebadilika. Anataka kujua nani hayumo tena kwenye orodha, nani kaongezeka, na nani ekari zake zimebadilika. diff ya GNU, ile inayokuja na Ubuntu, inaweza kulinganisha orodha ya Machi na ya Septemba na kumjibu kwa maneno anayoyaelewa:

diff --unchanged-line-format='' --old-line-format='ZAMANI %dn: %L' --new-line-format='SASA %dn: %L' machi.csv septemba.csv

Hapo %dn ni namba ya mstari kwenye faili lake, na %L ni mstari wenyewe. Anachokiona ni hiki:

ZAMANI 14: D014,Mpunguzi,2
SASA 14: D014,Mpunguzi,3
ZAMANI 31: D031,Dodoma Makulu,1

D014 kaongeza ekari moja. D031 hayumo tena. Chagua maneno kwa uangalifu. Ukiandika "AMEFUTWA" badala ya ZAMANI, D014 naye ataonekana kafutwa, na hapo ugomvi umeanza.

Usisahau kuweka ile --unchanged-line-format='', la sivyo mistari yote ambayo haikubadilika itamwagika kwenye skrini. Usiongeze -u pia: diff itakataa, kwa kuwa mitindo miwili ya matokeo haikai pamoja. Na kama mstari wa mwisho wa faili haukufungwa kwa Enter, unaofuata utagandana nao.

Kinachosumbua watu zaidi ni orodha nzima kuonekana imebadilika wakati kwa macho ni ileile. Mara nyingi faili moja limehifadhiwa kwenye Windows. Pima kwa cat -A machi.csv | head -3: mistari ikiishia na ^M$ badala ya $ peke yake, ongeza --strip-trailing-cr. Kwa nafasi zilizozidi katikati ya maneno tumia -b. Mimi siipendi -w kwenye majina, maana kwake "Dodoma Makulu" na "DodomaMakulu" ni kitu kimoja, na kosa la uandishi linapita bila kuonekana.

Mkulima aliyehamishwa tu kutoka juu kwenda chini ya orodha atatokea mara mbili. Panga kwanza, kwa kuweka <(sort machi.csv) <(sort septemba.csv) mahali pa majina ya mafaili. Hii ni ya bash, programu inayopokea amri zako kwenye terminali. Lakini ukishapanga, ondoa %dn, kwani namba zitakuwa za orodha iliyopangwa, na katibu atafungua mstari wa 14 akute mtu mwingine.

Amri ndefu hivi haiandikwi kila siku. Iweke kwenye ~/.bashrc:

tofauti() { diff --strip-trailing-cr -b --unchanged-line-format='' --old-line-format='ZAMANI: %L' --new-line-format='SASA: %L' "$@"; }

Fungua terminali upya, kisha andika tofauti machi.csv septemba.csv.

Kwa macho yako mwenyewe, rangi zinatosha: diff -u --color=always --palette='de=33:ad=36' machi.csv septemba.csv | less -R. Njano ni kilichotoka, samawati ni kilichoingia. Asiyetofautisha nyekundu na kijani naye anasoma. Ukihifadhi matokeo kwenye faili, ondoa --color=always, vinginevyo utakuta [33m zimetapakaa kila mstari.