Bapa au duara? Kubadilika peke yake hakutoshi

SWALI: Tulifundishwa kuwa mhusika bapa habadiliki na duara hubadilika. Katika Adili na Nduguze, riwaya ya Shaaban Robert, Hasidi na Mwivu, ndugu zake Adili, wanageuzwa manyani, kisha wanarudishiwa ubinadamu. Mbona wanaitwa bapa? Msomaji, Tanga

JIBU: Ni bapa kweli, na majina yao yanakueleza mapema. Kugeuzwa manyani na kurudishwa ni mambo wanayotendewa. Hayatoki katika uamuzi wao. Anayekaribia uduara ni Adili, pale anapolazimika kila usiku kuwachapa ndugu anaowaonea huruma.

Kipimo bora ni cha mwandishi Mwingereza E. M. Forster, cha mwaka 1927: je, mhusika anaweza kutushangaza na bado tukamwamini? Asiyetushangaza kamwe ni bapa. Anayetushangaza tusimwamini ni bapa aliyevishwa uduara.

Chukua matukio matatu ambayo mhusika anabidi achague: la mwanzo, la katikati na la mwisho. Kwa kila moja andika anataka nini, anaogopa nini, ameamua nini. Kisha jaribu kubashiri uamuzi kwa neno moja tu, kama “mchoyo”. Ukipatia mara zote tatu, ni bapa. Ukikosea, rudi nyuma utafute kilichotuandaa. Rosa wa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, msichana aliyewaogopa wavulana, anapopata uhuru anapotoka kimaadili, nasi tunasadiki kwa sababu tumeuona ukali wa Zakaria, baba yake. Kwenye mtihani, taja tukio pamoja na hayo maandalizi. “Amebadilika” pekee si hoja.

SWALI: Nikiandika hadithi fupi, niwaondoe bapa wote?

JIBU: Usiwaondoe. Mlinzi anayefungua geti mara moja anatosha kuwa na sifa moja. Ukimpa historia ya utotoni, hadithi inasimama kumsubiri.

Kosa tunaloliona sana ni kumrundikia mhusika mkuu sifa zinazopingana, “mkarimu lakini mwizi”, kila moja na ukurasa wake. Hapo umepata bapa wawili wenye jina moja. Zikutanishe ndani ya uamuzi mmoja. Konda mwaminifu amepungukiwa shilingi elfu kumi kwenye hesabu ya tajiri, na usiku, akifagia gari, anaokota noti ya elfu kumi chini ya kiti alichokalia bibi aliyeshuka kituo cha mwisho. Bibi bado anaonekana, anatembea polepole. Andika anachofanya konda, usieleze tabia yake.