Jibu: Vilengeo vya chuma au nukta nyekundu?

Mkuu, umeuliza kama bastola yako ya .22 ya mashindano ibaki na vilengeo vya chuma, yaani kile cha mbele na cha nyuma visivyo na lenzi, au ufunge cha nukta nyekundu, kioo kinachokuonyesha nukta ya mwanga juu ya shabaha, maana umevuka hamsini na macho yameanza kugoma. Kabla ya macho, tazama kanuni. Ukilenga mashindano ya ISSF, shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha, yaani mita 10 na 25 za Olimpiki, mjadala umeisha: kilengeo cha lenzi, nukta ikiwemo, hakiruhusiwi kwenye bastola. Bullseye, mashindano ya bastola ya Marekani, inakuachia uchague, na kule kwenye yadi 50 kwa mkono mmoja wengi wameshahamia kwenye nukta.

Kwa chuma, kilengeo cha mbele ndicho unachopaswa kukiona wazi, shabaha ibaki na ukungu, na nyufa za mwanga kushoto na kulia kwake, ndani ya pengo la kilengeo cha nyuma, zilingane. Hicho cha mbele kiko umbali wa mkono tu, na hapo ndipo macho ya rika letu yanaposhindwa. Ukiwa na nukta, unatazama shabaha basi.

Ila nukta itakuonyesha kila mtetemo wa mkono. Wanaoanza huisubiri itulie katikati kisha wanaikwapua traiga, risasi inakwenda chini. We iache itembee, endelea kubana taratibu. Punguza na mwanga wake, ukizidi nukta inachanua, inaonekana kubwa na yenye ukungu.

Kama roho iko ISSF, miwani ya kulengea yenye lenzi ya kurekebisha inaruhusiwa. Nyoosha mkono, pima kutoka jichoni hadi kilengeo cha mbele, umpelekee mtaalamu wa macho kipimo hicho. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kununua chochote.