Lenzi Ndefu Iliyoniaibisha Ufukweni Bagamoyo

Juma lililopita kijana mmoja wa Tanga aliniandikia akiomba nimshauri kuhusu lenzi ya kununua. Amedunduliza fedha mwaka mzima, anapenda kupiga picha za watu sokoni, na anaitaka lenzi inayofika milimita 300 kwa sababu, kama alivyoandika mwenyewe, "watu wakiiona kamera wanabadilika, kwa hiyo bora niwapige kwa mbali wasijue." Nilimjibu kwa adabu kwamba nitalifikiria jambo lake, kisha nikakaa na ujumbe ule siku tatu bila kupata usingizi wa maana, kwa kuwa maneno yale ndiyo niliyokuwa nikiyasema mimi kwa kujiamini hadi asubuhi moja ya Jumamosi pale soko la samaki la Bagamoyo. Nilikuwa nimejiapiza kwamba habari ya asubuhi ile sitaiandika. Naiandika sasa kwa ajili ya huyu kijana, na kwa ajili ya wenzetu wote tunaotoka na kamera siku za mapumziko tukidhani kwamba mahali pa wazi ni mali ya mwenye lenzi.

Mimi si mpiga picha wa riziki. Kazi yangu ni uhasibu, na kamera naishika Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kamera yenyewe ni Nikon D3200, toleo la mwaka 2012, niliyoinunua ikiwa mtumba Kariakoo, na pikseli zake milioni 24 zinatosha kabisa kwa picha ya kutundika sebuleni. Lenzi yangu ya kwanza niliyoinunua kwa fedha yangu ilikuwa ya milimita 50 yenye tundu la kupitishia mwanga la f/1.8, ya lile toleo la zamani ambalo halina mota ndani yake na linategemea mota iliyomo kwenye kamera. D3200 haina mota hiyo. Muuzaji aliniambia "itaingia tu, bosi," na kweli iliingia, ila haikuweza kujitafutia fokasi hata siku moja, nikabaki ninazungusha pete kwa mkono huku watoto niliowapiga picha wakiwa wameshakimbilia kwingine. Mwenye kamera ndogo ya Nikon aina hii ahakikishe lenzi imeandikwa AF-S, yaani ina mota yake ndani, kabla ya kutoa fedha yake. Ushauri huu ulinigharimu shilingi 180,000, wewe unaupata bure.

Baada ya hasara ile nikajikaza, nikanunua lenzi ya milimita 70 hadi 300. Sijui kama nitaweza kueleza nilivyoipenda. Kwa kuwa sensa ya kamera hii, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, milimita 300 inaona kama ambavyo lenzi ya milimita 450 ingeona kwenye kamera kubwa. Ukiwa umesimama kwenye mchanga unaweza kuhesabu viraka vya tanga la jahazi ambalo watu wengine wanaliona kama kipande cha karatasi. Nilianza kutembea ufukweni kama bwana shamba anayekagua mashamba ya watu. Nilipiga wavuvi wakishusha nyavu, wachuuzi wakigombea bei, na akina mama wakikaanga samaki. Hakuna aliyeniona, na mimi nikaona huo ndio ustadi.

Asubuhi ile ilikuwa siku ya bamvua, maji yamepwa mbali sana, mashua zimelala ubavu mchangani. Wanaoifahamu Bagamoyo wanajua kwamba ufuko wetu unatazama mashariki, hivyo jua huchomoza baharini na kuwapiga usoni watu walioelekea maji. Kwa saa moja tu, pengine pungufu, mwanga huwa laini na wa rangi ya samli. Kisha jua letu la karibu na ikweta hupanda haraka, na ikifika saa mbili na nusu kila uso una kivuli cheusi chini ya nyusi. Nilijibanza nyuma ya mashua moja, kiasi cha hatua thelathini kutoka kwenye majiko. Mama mmoja mtu mzima alikuwa ameinama juu ya karai la mafuta, moshi wa kuni umemzunguka, kanga yake ameifunga kichwani, na mwanga ulikuwa umepenya ule moshi ukamshika shavu la kushoto na ncha ya upawa wake wa matundu. Nilipiga picha nane. Ya sita ilikuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na ninasema hivyo bila haya.

Ya tisa sikuiwahi, kwa sababu kupitia lenzi nilimwona ananitazama.

"Kaka, unawinda nini huko?" aliuliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye mnada. Vijana wawili waliokuwa wakiparua magamba wakageuka, mmoja akasema, "Huyo mwizi wa picha, yuko hapo toka alfajiri." Neno lile la "mwizi" bado ninalo. Nimekaa Bagamoyo miaka kumi na mmoja. Kijana anayeniuzia mkaa alikuwa pale, na fundi aliyenijengea uzio alikuwa pale, wote wawili wakatazama chini. Nilitoka nyuma ya mashua nikiwa na lile lilenzi limening'inia kifuani, na kadiri nilivyolisogeza nyuma ndivyo lilivyozidi kuonekana kubwa.

Akatokea kijana aliyevaa sare ya mgambo, akaitaka kamera, nikampa kwa woga, naye akaiweka juu ya mfuniko wa deli la barafu, palipokuwa na maji ya samaki. Hapo nikapandwa na hasira, nikafanya kosa lililonizidishia aibu: nikahutubia. Nikasema kwamba hapa ni mahali pa wazi, na kwamba Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Mzee mmoja aliyekuwa akiandika hesabu za mnada, ambaye baadaye niliambiwa ni mwalimu mstaafu, aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake akaniuliza taratibu, "Na ya 16 umeisoma, mwanangu?" Sikuwa nimeisoma. Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba ibara hiyo inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi, na kwamba ukiteremka hadi ya 30 utakuta haki zangu hazitumiki kuvuruga haki za mwenzangu. Mimi nilikuwa nimekariri ibara moja, yeye alikuwa amesoma kitabu chote.

Yule mama, huku akigeuza vibua wake kwa sababu mafuta hayasubiri kesi, alinieleza kwa nini alikuwa mkali. Miaka michache nyuma mpwa wake alikwenda Dar es Salaam akaikuta sura ya shangazi yake kwenye kalenda ya biashara moja, imetundikwa dukani. "Mwezi wa nane ndio mimi," alisema. Hakuna aliyemwomba, hakuna aliyempa hata nakala, na mpwa alilazimika kuinunua. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi: "Ungekuja ukanisalimu, ningekukatalia nikiwa nakujua. Sasa nakukatalia sikujui."

Nikazifuta zote nane mbele yake, hata ile ya sita. Hakuna aliyenilazimisha kwa nguvu, lakini kusema nilifuta kwa hiari itakuwa uongo. Lililoniuma zaidi, na hadi leo naona nilionewa, ni kwamba baada ya kufuta na kuomba radhi na kusamehewa, yule wa sare aliendelea kukaa na kamera hadi saa saba mchana, akiwaonyesha wenzake picha za harusi ya mdogo wangu zilizokuwamo kwenye kadi. Kwa hiyo nasema kwa pande zote: kama mimi sikuwa na haki ya kuchungulia karai la mama wa watu, yeye naye hakuwa na haki ya kuchungulia harusi yetu. Kitu kikikamatwa katika upekuzi, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka kitolewe stakabadhi. Omba stakabadhi kwa heshima, uliza unashikiliwa kwa kosa gani, na usivutane kamera na mtu, maana kioo cha lenzi hakijui nani ana haki.

Baada ya siku ile nilianza kusoma, na yapo mambo machache ambayo kila mwenye kamera anapaswa kuyajua kabla hajajifanya wakili kama nilivyojifanya mimi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mtu inayotambulika ni taarifa inayomhusu mtu huyo, kwa hiyo anayekusanya sura za watu kwa ajili ya biashara asidhani bado tuko enzi za kalenda ile. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inakataza kupiga picha maeneo yaliyowekwa chini ya ulinzi, na wewe wa Tanga unayependa meli, kumbuka hilo kabla hujaielekeza milimita 300 bandarini. Lenzi ndefu inamfanya hata mpenda machweo aonekane mpelelezi. Kwenye magofu, kama pale Kaole penye msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, lipa kiingilio na useme mapema langoni kama picha ni za biashara. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda wewe mpigaji dhidi ya wanaonyofoa picha zako, lakini hakimiliki ya picha si ruhusa ya mtu aliyemo ndani ya picha. Wengi wetu tunavichanganya vitu hivi viwili, na nadhani tunavichanganya makusudi.

Sasa nirudi kwenye lenzi, kwa kuwa ndiyo niliyoulizwa. Nilinunua ya milimita 35 yenye f/1.8, safari hii AF-S, nikaiacha kwenye kamera miezi saba bila kuibadilisha. Lenzi hii haikuachii pa kujificha. Ukitaka uso ujae kwenye fremu lazima usogee hadi mtu asikie unavyopumua, na mtu hawezi kusogea umbali huo bila kutoa salamu; kwa hiyo lenzi yenyewe ilinifundisha adabu ambayo wazazi wangu walidhani wameshaimaliza. Ni kweli watu hubadilika wakiiona kamera, hapo kijana wa Tanga hakukosea. Hujiweka sawa, huvuta kanga, husimama kama wanapigwa ya pasipoti. Lakini kaa nao dakika kumi, nunua samaki wawili, ule palepale, nao wataichoka kamera na kurudi kwenye shughuli zao, na hapo ndipo unapopata moshi wako na mwanga wako ukiwa umekaribishwa.

Ukiwa karibu hivyo utagundua pia kwamba kamera haijui rangi zetu. Kipimo chake cha mwanga hudhani kila kitu duniani ni cha kijivu cha wastani, hivyo ukimweka mtu mweusi mbele ya mchanga mweupe na bahari inayong'aa, kamera inapunguza mwanga na uso unageuka kivuli. Ongeza fidia ya mwanga hadi +1, yaani iambie kamera iongeze mwanga kuliko inavyopima, au pima usoni pekee, na uiache anga iungue iwe nyeupe tupu kama lazima iungue. Nimeona picha nyingi za pwani yetu zenye mawingu mazuri sana na watu wasio na macho, na kwangu mimi huo nao ni utovu wa heshima. Salimu kwanza. Uliza kwanza. Akikataa, sema asante na ununue samaki vilevile. Ukiahidi kumletea nakala, ipeleke, kwa maana sisi tunaotoka na kamera kwa raha zetu ndio tuliozidisha ahadi za nakala zisizofika, kisha tunashangaa tukifukuzwa.

Yule mama hajaniruhusu kumpiga picha hadi leo. Namsalimu kila Jumamosi, ananiita "mwindaji," ananikaangia changu, na nikigusa tu mkanda wa kamera anatikisa kichwa. Jirani yake nimempiga mara nne na nakala zote amepelekewa.

Kuhusu utunzaji sina mengi: usibadilishe lenzi ufukweni upepo wa kusi unapovuma, futa chumvi siku hiyohiyo, na hifadhi vyombo vyako kwenye boksi la plastiki linalobana pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Mimi niliitupa ile lenzi ndefu ndani ya kabati la nguo kwa hasira, nikaisahau humo msimu mzima wa masika, na sasa kuvu limetambaa kwenye kioo cha mbele kama utando wa buibui upande mmoja. Picha zake bado ni safi, isipokuwa ukilielekea jua.

Kijana wangu wa Tanga, kama baada ya haya yote bado unaitaka ya milimita 300, basi ninayo. Niliinunua kwa shilingi 450,000, wewe nitakuachia kwa 200,000 pamoja na mfuko wake, ila njoo uione mwenyewe mchana, kwenye mwanga, usije ukasema hukuambiwa.