Mgeni kasema "Marahaba" mwanzo

SUALI: Tulimpeleka kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, kijana wa Kijerumani aliyekuja Pemba kujitolea kwenye skuli yetu. Alipoingia tu akatamka kwa sauti, "Marahaba!" Sheha akainuka kitini: "Shikamoo, babu!" Baraza zima likacheka, lakini barua yetu ya kumtambulisha mgeni ikarudi bila muhuri. Je, kachukia?

JIBU: Hakuchukia. Sheha aliyechukia hainuki kitini, hujibu "Haya" akaendelea na karatasi zake. Mgeni wenu kachanganya tu: mdogo huanza na "Shikamoo," mkubwa ndiye hujibu "Marahaba." Mfundisheni pia kupiga hodi, asubiri "Karibu" kabla ya kuvuka kizingiti, na viatu avivulie mlangoni.

Muhuri ni jambo jengine, na hapo tunaikamata barua. Sheha huandikisha wageni wanaolala katika shehia yake, kwa hiyo iandikwe jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba yake, nyumba anayolala, mwenyeji wake, na tarehe za kuja na kuondoka. Toeni nakala mbili, moja ibaki kwake, na ambatisheni kivuli cha pasipoti na cha kibali.

Kibali ndicho kinachokwamisha wengi. Barua inasema "atafundisha" na pasipoti ina viza ya utalii. Nani atagonga muhuri hapo? Wa kujitolea huombewa Uhamiaji kibali cha ukaazi daraja C, na muhuri wa sheha haukai badala yake.

Mkirudi, mwacheni aamkie mwenyewe. Atakuwa anasubiriwa.