Mlipe mkaguzi kabla hujalipia nyumba

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kumlipa mkaguzi wa majengo wakati nyumba unayotaka kuinunua imepigwa rangi juzi tu na dalali anasema fundi wake ameshaiangalia. Haja ipo, na hizo sababu mbili ulizozitaja ndizo zinazonifanya nikusihi.

Tuanze na rangi. Nyumba ya kwanza niliyoitaka ilikuwa inang'aa. Mkaguzi aliomba ruhusa ya mwenye nyumba, akakuna ukuta karibu na sakafu. Rangi ikabanduka, nyuma yake plasta ina unga mweupe. Ile ni chumvi: maji ya ardhini yanapanda ndani ya matofali, yakikauka yanaiacha hapo. Mara nyingi ni kwa sababu kizuizi cha unyevu juu ya msingi hakikuwekwa, au kimeharibika. Hata upake rangi mara ngapi, unga utarudi. Nyumba ile niliiacha, kwa sababu pamoja na unyevu kulikuwa na nyufa zilizopanda kingazi kufuata viungo vya matofali, na mlango wa chumba cha nyuma haukufunga. Dalili hizo zikija pamoja, shuku kwamba msingi unatitia upande mmoja. Nyufa nyembamba kama unywele zisikutishe sana, kwa kawaida ni plasta ilipokuwa inakauka. Ogopa zile za mshazari zinazoanzia kwenye kona ya dirisha na kupanuka kadiri zinavyokwenda.

Zege lililopasuka na kuonyesha nondo nalo lisipitwe. Nondo ikishika kutu inavimba na kulisukuma zege kutoka ndani, kwa hiyo kuziba kwa saruji juu juu ni kuficha tu.

Mkaguzi asiyepanda darini, kwangu mimi hajakagua. Wa kwangu alichoma mbao za kenchi, zile zinazobeba paa, kwa bisibisi kutafuta zilizoliwa na mchwa, akafuata njia zao za udongo ukutani. Mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi, nikiuliza maswali. Nenda siku hiyo, usisubiri ripoti tu.

Sasa huyo fundi wa dalali. Huenda ni mtu mwema kabisa, lakini dalali halipwi nyumba isipouzwa, na fundi anamtegemea dalali. Tafuta mtu wako, tena asiwe yule atakayepewa kazi ya kutengeneza atakachokiona kibovu. Akupe ripoti ya maandishi yenye picha.

Ripoti yenye kasoro pia haimaanishi ukimbie. Nyumba ninayoishi sasa ilikutwa na soketi zisizo na waya wa ethi (ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja) na mabati yaliyoliwa na kutu upande mmoja. Hayo yanatengenezeka. Niliweka ripoti mezani, tukakadiria gharama za mafundi, mwenye nyumba akapunguza bei. Bila yale maandishi ningekuwa nabishana kwa maneno matupu.

Mkaguzi haoni ndani ya ukuta, kwa hiyo ukiweza mpeleke mara baada ya mvua kubwa, maji yanapovuja na kutuama waziwazi. Hati za umiliki ni kazi nyingine, hizo mpe wakili.

Wakikuharakisha kulipa malipo ya awali, wakili aandike kwenye mkataba kwamba utarudishiwa pesa ukaguzi ukifichua ubovu mkubwa, na mtaje ubovu gani unahesabika kuwa mkubwa. Muuzaji akikataa kabisa mkaguzi asiingie, mimi nisingeendelea naye.